Soko la Wakulima au Vibanda vya Michezo vya Matsuri: Lipi Limfae Mgeni wa Japani?

Mgeni anayekwenda Japani kwa siku chache, hasa aliyefuatana na familia, mara nyingi hujikuta amebakiwa na nafasi moja tu katika ratiba yake, na mbele yake yapo mambo mawili yanayosifiwa kwa maneno yaleyale, kwamba huko ndiko maisha ya Wajapani wa kawaida yanakoonekana. La kwanza ni soko la wakulima, ambalo wenyewe huliita asaichi, yaani soko la asubuhi, au gulio linalofanyika siku maalumu ya juma. La pili ni vibanda vya michezo vinavyosimamishwa wakati wa matsuri, yaani sherehe za mahekalu na za mitaa, ambako mtoto hutoa sarafu chache ili ajaribu kuchota samaki wa dhahabu kwa upawa wa karatasi. Sifa hizo zinastahiki pande zote mbili, lakini anayechagua bila kujua tofauti zake anaweza kumwamsha mtoto wa miaka sita alfajiri akatazame figili, au kumwingiza mzee mwenye maumivu ya magoti katika msongamano wa usiku wa Julai.

Kipimo ninachokitumia katika ulinganisho huu ni kujiuliza fedha inanunua nini. Sokoni fedha hununua kitu, pamoja na maongezi mafupi na mtu aliyekilima. Kwenye vibanda vya michezo fedha hununua jaribio, na jaribio hilo aghalabu huisha mikono ikiwa mitupu. Mtu akijua ni lipi kati ya hayo analotaka, nusu ya uamuzi imekwisha kufanyika.

Kalenda na saa

Nusu nyingine huamuliwa na tarehe. Masoko ya wakulima hufanya kazi karibu mwaka mzima. Katika mji wa Takayama, mkoani Gifu, yapo masoko mawili ya asubuhi, moja mbele ya jengo la kale la utawala liitwalo Takayama Jinya na jingine kandokando ya mto Miyagawa. Yametokana na masoko ya zamani ya mpunga, ya maua na ya majani ya mforosadi yaliyolishwa viwavi wa hariri, na hadi leo hufunguliwa kila siku, saa moja asubuhi katika miezi ya joto na saa mbili katika miezi ya baridi. Ikifika saa sita mchana wauzaji wanakunja meza zao. Gulio la Jumapili la Kochi, katika kisiwa cha Shikoku, lilianza mwaka 1690. Kila Jumapili hutandazwa katika mtaa wa Otesuji kuelekea ngome ya Kochi, kwa urefu wa takriban kilomita moja na kwa vibanda vipatavyo 300, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Vibanda vya michezo havina uhakika wa namna hiyo, kwa sababu hufuata sherehe, na sherehe nyingi huangukia Julai na Agosti, msimu wa likizo ya shule na wa Obon, siku za kuwakumbuka marehemu. Zipo pia sherehe za mavuno wakati wa vuli na siku za kwanza za mwaka mpya, ila mgeni wa Februari asiweke matumaini makubwa. Kuna siku za mahekalu zinazojirudia kila mwezi, kama vile tarehe 21 katika hekalu la Toji na tarehe 25 katika Kitano Tenmangu, yote mawili yakiwa Kyoto. Lakini humo vyombo vya kale, nguo na vyakula ndivyo vinavyotawala, na haifai kumwahidi mtoto samaki kabla ya kuona kwa macho.

Kwa msafiri anayetoka Afrika Mashariki kuna hesabu moja zaidi ambayo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wengine haviigusi. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Saa kumi na mbili asubuhi, gulio la Kochi linapofunguliwa, Nairobi na Dar es Salaam ni saa sita usiku, na mwili uliofika jana bado unafuata saa za nyumbani. Kinyume chake, saa kumi na mbili jioni, taa za vibanda zinapowashwa, mwili huo unahisi ni adhuhuri. Hivyo basi, ikiwa tarehe zinaruhusu yote mawili, michezo iwekwe katika siku mbili za mwanzo na soko liwekwe mwishoni mwa safari, mwili ukiwa umekwisha kuzoea. Nimeona ratiba nyingi zikipangwa kinyume cha hivyo kwa sababu tu soko ni la asubuhi, na asubuhi hutangulia jioni.

Kochi yenyewe inaonyesha jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kugombea barabara moja. Sherehe ya ngoma ya Yosakoi hufanyika huko kila Agosti, na mtaa wa Otesuji huwa ndio uwanja wake mkuu. Jumapili ikiangukia kati ya tarehe 10 na 12 za mwezi huo, soko halifunguliwi.

Aliye upande wa pili wa meza

Mnunuzi aliyezoea Kariakoo au Kongowea atalitambua soko la Kijapani haraka kuliko anavyodhani. Mboga hazipimwi kwa mizani. Zimepangwa mafungu mafungu juu ya vikapu na sahani, na Wajapani wenyewe huliita fungu hilo hitoyama, yaani mlima mmoja. Biringanya tano, nyanya sita, kitita cha vitunguu vya majani, kila fungu na kibao chake cha bei, ambayo mara nyingi ni kati ya yeni 100 na 300. Kinachomshangaza mgeni wetu ni kwamba bei haipatanwi. Kuomba punguzo la fungu la yeni 200 kutamtia muuzaji katika fadhaa, na hatajua ajibu nini. Nyongeza, hata hivyo, ipo na ina jina lake, omake. Muuzaji akipenda maongezi, au akiona mtoto, hutia tango moja zaidi katika mfuko bila kuombwa, na adabu ni kuipokea kwa mikono miwili.

Wauzaji wengi ni wanawake watu wazima, na jinsi ya kuwaita ina uzito wake. Kama sisi tunavyomwita muuzaji mama ingawa hakutuzaa, neno okaasan, yaani mama, hupokelewa vizuri. Neno la bibi, obaasan, liachwe hadi mwenyewe ajiite hivyo.

Kwa yule asiyeweza kufika Takayama wala Kochi, yapo maduka ya wakulima katika vituo vya kando ya barabara viitwavyo michi-no-eki, vilivyoanza kusajiliwa rasmi mwaka 1993 na sasa vimepita 1,200 nchi nzima. Humo kila mfuko wa mchicha au uyoga huwa na jina la aliyeulima, na pengine picha yake ukutani. Mashambani utakuta hata vibanda visivyo na mtu, vyenye mboga na kikopo cha kutumbukizia sarafu ya yeni 100. Tokyo kuna soko la wakulima mbele ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, mtaa wa Aoyama, kila Jumamosi na Jumapili kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Ni rahisi kulifikia na lina mpangilio mzuri, lakini bei zake ni za jiji, na sioni kwamba linaweza kuchukua nafasi ya gulio la mkoani.

Udhaifu wa soko ni lazima usemwe. Mgeni anayelala hotelini hana jiko, kwa hiyo sehemu kubwa ya anachokiona hawezi kukitumia. Matunda mabichi na mboga hayasafirishwi kwenda nchi nyingine bila hati ya afya ya mimea, kwa hiyo hayo ni ya kula hukohuko. Vinavyomfaa ni matunda ya kula siku hiyo, majani ya chai, na chakula cha kula papo hapo. Kochi ni mkoa unaoongoza nchini kwa tangawizi na kwa yuzu, tunda la jamii ya ndimu lenye harufu kali na tamu, na gulio lake lina imoten, vipande vya viazi vitamu vilivyochovywa katika uji mzito wa unga na kukaangwa, ambavyo kwa watu wengi hutosha kuwa sababu ya kupanga foleni. Takayama ina achari ya tanipu nyekundu, ambayo muuzaji hukuonjesha kwanza kwa kijiti.

Upande wa vibanda vya michezo, muuzaji wa jadi ni tekiya, mchuuzi anayehama kutoka sherehe hadi sherehe akifuata kalenda ya mahekalu. Kwa muda mrefu baadhi ya makundi ya tekiya yalikuwa na uhusiano na magenge ya wahalifu, na kufikia mwaka 2011 mikoa yote 47 ilikuwa imepitisha kanuni za kuyatenga magenge hayo na biashara. Katika sherehe ndogo za mitaa, siku hizi anayekupa upawa wa karatasi anaweza kuwa mwenye duka la jirani au mzazi kutoka kamati ya shule, na hizo ndizo ninazozipendekeza kwa familia: bei ni nafuu, umati ni mdogo, na watu wanajuana.

Upawa wa karatasi

Hapa inafaa kutua, kwa sababu mgeni huudharau mchezo huu kabla hajaujaribu. Kingyo sukui, kuchota samaki wa dhahabu, huchezwa kwa kifaa kiitwacho poi, fremu ya duara ya plastiki iliyobandikwa karatasi nyembamba. Karatasi hizo zina namba zinazoonyesha unene: namba ikipanda, karatasi inazidi kuwa nyembamba, na ya tano ndiyo ya kawaida. Mwenye kibanda mwenye huruma humpa mtoto mdogo karatasi nene. Unachuchumaa kando ya beseni pana lisilo na kina, bakuli mkono mmoja, upawa mkono wa pili, na unaendelea kuchota hadi karatasi ichanike.

Wanaoanza hutumbukiza ukingo tu kwa kuogopa kulowesha karatasi, na hilo ndilo kosa, kwa kuwa karatasi huchanika kwenye mpaka kati ya sehemu iliyolowa na iliyo kavu. Inapaswa kuloweshwa yote kwa mara moja, kisha iingizwe majini kwa mshazari, isukumwe ubavu kwa ubavu chini ya samaki aliye karibu na uso wa maji, na kuinuliwa kwa mshazari vilevile ili maji yateleze na uzito wa samaki uegemee fremu. Mkia ndio adui, kwa sababu pigo lake moja hutoboa; mjuzi humwacha mkia uning'inie nje ya karatasi. Bakuli huletwa karibu na samaki, wala samaki hapelekwi mbali kulifuata bakuli. Mtoto wa miaka minane akionyeshwa haya mara mbili anaweza kumshinda baba yake, na furaha ya jambo hilo sijaona soko linaloweza kuitoa.

Mchezo huu una mji wake. Yamatokoriyama, mkoani Nara, umefuga samaki wa dhahabu tangu samaki hao walipoletwa, kama inavyosimuliwa, mwaka 1724 na mtawala Yanagisawa Yoshisato alipohamishiwa huko kutoka jimbo la Kai. Baadaye samurai wa cheo cha chini waliwafuga ili kuongeza kipato. Tangu mwaka 1995 mji huo huandaa kila Agosti mashindano ya kitaifa ya kuchota samaki, ambapo kila mshindani hupewa upawa mmoja na dakika tatu.

Swali la samaki mwenyewe lisiachwe. Hutiwa katika mfuko wa maji na kukabidhiwa mshindi, na hata aliyeshindwa mara nyingi hupewa mmoja au wawili. Msafiri hana beseni, na maji ya bomba yenye klorini humuumiza samaki. Mwambie mwenye kibanda tangu mwanzo kwamba utawarudisha. Ni jambo la kawaida na halimkasirishi mtu. Ukiona mtoto atalia kwa kumwacha samaki, mpeleke kwenye beseni la vimpira vinavyoruka, ambavyo huchotwa kwa upawa uleule, au kwenye maputo madogo yenye maji yanayovuliwa kwa ndoano iliyofungwa kwenye kamba ya karatasi iliyosokotwa. Vyote viwili anaweza kwenda navyo.

Michezo mingine naipitia kwa haraka. Shateki ni kulenga kwa bunduki ya kizibo, na zawadi ni yako ikianguka kutoka kwenye rafu, wala haitoshi kuigusa. Lenga pembe ya juu ya kisanduku chepesi na uache mwanasesere mzito. Wanage ni kutupa pete. Katanuki ni kibao chembamba cha wanga na sukari chenye mchoro, ambacho mchezaji hukikata kwa sindano bila kukivunja; humfaa mtoto mtulivu, na zawadi hukua kadiri mchoro unavyokuwa mgumu. Vibanda vya bahati nasibu, ambavyo unalipa na kuvuta karatasi au uzi, sivipendekezi kwa mtu yeyote. Hakuna ustadi ndani yake, na kwa wazazi Waislamu ambao kamari si jambo dogo, tofauti kati ya mchezo wa ustadi na wa bahati ni vyema waieleze kwa watoto kabla ya kuingia.

Fedha, chakula na umati

Mchezo mmoja kwa kawaida hugharimu yeni 300 hadi 500. Watoto wawili wakicheza michezo mitatu kila mmoja kwa yeni 400, zimekwenda yeni 2,400 ndani ya nusu saa, na hawajala. Sokoni yeni 1,000 zinatosha matunda, kitu cha kukaanga na kinywaji kwa watu wawili. Pande zote mbili, noti ya yeni 10,000 ni usumbufu. Vunja fedha dukani mapema na uwe na sarafu za yeni 100.

Kwa chakula, soko linashinda waziwazi, hasa kwa Mwislamu. Tunda ni tunda, na kiazi ni kiazi, ingawa mafuta ya kukaangia yanastahili kuulizwa. Vibanda vya sherehe huuza yakisoba, tambi za kukaanga ambazo mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe, na takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza. Watu wa pwani watafurahi kumkuta pweza huko, lakini sosi na mchuzi huweza kuwa na viungo vya pombe, na katika msongamano muuzaji hana nafasi ya kueleza. Barafu iliyoparuzwa na kutiwa sharubati, pamoja na mahindi ya kuchoma, ni chaguo lenye wasiwasi mdogo, ila mahindi hupakwa sosi ya soya, kwa hiyo omba yasipakwe.

Mwenye mzee au kigari cha mtoto asiende kwenye sherehe kubwa usiku. Julai na Agosti joto la Japani lina unyevu kama wa Tanga wakati wa kaskazi, na njia za mahekalu hujaa hadi mtu husogezwa na wenzake. Soko la asubuhi lina hewa, na mzee anaweza kwenda kwa mwendo wake mwenyewe.

Uamuzi wangu

Mtu mzima anayesafiri peke yake, au wanandoa wasio na watoto, waende sokoni, na wakiweza waende Kochi, japo ni safari ya takriban saa mbili na nusu kwa treni kutoka Okayama. Familia yenye watoto wa kati ya miaka mitano na kumi na miwili iende kwenye michezo, katika sherehe ya mtaa badala ya ile inayotangazwa kwa watalii, na ifike saa kumi na moja jioni kabla umati haujakusanyika. Anayefika nje ya majira ya joto aende sokoni bila kusita.

Neno moja kuhusu Wajima, katika rasi ya Noto, ambayo vitabu vya zamani huliweka soko lake la asubuhi kati ya masoko mashuhuri kabisa nchini. Moto uliofuata tetemeko la ardhi la tarehe 1 Januari 2024 uliuteketeza mtaa wa soko hilo. Wauzaji wake wameendelea kutandaza bidhaa zao katika maeneo mengine, ikiwemo Kanazawa. Ukizikuta meza zao, nunua kwao kwanza.

Na kwa yule ambaye tarehe zake ni za Septemba, kuna mahali ambapo hahitaji kuchagua. Kuanzia tarehe 12 hadi 18 za mwezi huo, hekalu la Hakozaki mjini Fukuoka hufanya sherehe ya Hojoya, na njia ndefu ya kuliendea hujaa mamia ya vibanda. Michezo yote niliyoitaja ipo, na katikati yake husimama wauzaji wa tangawizi changa, inayouzwa na mashina na majani yake marefu ya kijani, zao ambalo wenyeji hulihesabu kuwa sehemu ya sherehe hiyo. Nunua tangawizi mwishoni, kwa sababu majani yake humgusa kila unayepishana naye. Kabla ya hapo, mwache mtoto achote samaki wake, kisha mwambie awarudishe majini, na umweleze kwamba jina la sherehe hiyo, Hojoya, linatokana na ibada ya kale ya kuwaachia huru viumbe hai.